Jina la Nyumbani Lisibaki Nyumbani: Wito kwa Watu wa Isiolo

Ndugu zangu wa Isiolo, wa Bula Pesa na Kulamawe, wa Kambi Garba na Ngaremara, wa Merti, Kinna, Oldonyiro na Garba Tulla, nina ombi moja kwenu. Kabla mwaka huu haujaisha, kila nyumba ikae na mkubwa wake imuulize majina ya waliomo yalitoka wapi. Majibu yaandikwe. Kisha tuhakikishe kwamba majina hayo yameandikwa hivyo hivyo katika karatasi za serikali. Baada ya hapo kila mmoja wetu amwendee jirani wa kabila jingine amuulize swali lilo hilo. Ni ombi dogo kwa sura, lakini naamini lina uzito mkubwa katika kaunti yetu kuliko mahali pengi pa Kenya, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Siku ya kawaida mjini mwetu utamkuta fundi wa pikipiki anaitwa Roba. Mwenye duka la pili yake ni Roble. Muuguzi wa zamu ni Akiru, na mama aliyetandaza nyanya na vitunguu kando ya barabara ni Kambura. Mborana, Msomali, Mturkana, Mmeru. Wote wanne wanaitwa Mvua. Wazazi wao hawakushauriana. Pengine babu zao waligombania kisima kimoja. Lakini katika nchi hii ambayo mvua za ganna, yaani masika, na za hagaya, yaani vuli, zikikosa mfululizo ng'ombe hubaki mifupa, kila jamii ilipopata mtoto wakati mawingu yamefunguka ilimwangalia ikasema: huyu amekuja na neema, tumwite kwa neema hiyo. Roba na Roble wanasimama karibu kila siku, wanasalimiana, wanakopeshana spana na sukari, na huenda hawajawahi kuambizana kwamba wana jina moja.

Miongoni mwa Waborana, saa na hali ya kuzaliwa huacha alama. Guyo alizaliwa mchana, Halkano usiku, Galgalo jioni, Boru kulipopambazuka. Diramu ni msichana wa asubuhi, Talaso ni wa Jumanne. Bonaya alikuja kiangazi. Godana alizaliwa familia ikihama, mizigo iko juu ya ngamia. Jillo alikuta watu wamo katika sherehe. Siku hizi majina haya hurithiwa, na Guyo wengi wamezaliwa usiku wa manane katika wodi ya hospitali ya kaunti, taa za umeme zinawaka. Hilo halipunguzi kitu. Maana yake ni kwamba yupo Guyo mwingine nyuma, babu au babu wa babu, aliyezaliwa jua likiwa juu, na huyu wa leo amepewa asubuhi ya mzee huyo aishi nayo. Swali la kumuuliza akko, nyanya yako, ni hili: huyo wa kwanza alikuwa nani, alizaliwa wapi, nani alikuwepo?

Kwa mtoto wa kiume wa kwanza, angafa, jina halikutolewa vivi hivi. Kulikuwa na gubbisa, sherehe ya kumpa jina. Jamaa walikusanyika, wazee wakaja, punje za kahawa zikakaangwa kwa samli, baraka zikatamkwa moja moja na watu wakaitikia kwa sauti, ndipo jina likatangazwa. Punje hizo, buna, bado zinakaangwa katika nyumba nyingi za Waso, yaani eneo letu la Ewaso Nyiro, hata zile ambazo leo humwadhinia mtoto sikioni na kumfanyia akika siku ya saba. Naipenda sana hali hii ya nyumba zetu: harufu ya buna na sauti ya adhana chumba kimoja, mtoto mmoja, furaha moja.

Wasomali wa Isiolo, ambao wengi wa babu zao waliweka makazi hapa wakiwa askari waliomaliza utumishi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, huwafundisha watoto abtirsi: jina lako, la baba, la babu, la baba wa babu, na kuendelea mpaka pumzi ikatike. Wapo watoto ambao hawajaanza darasa la kwanza wanaotaja mababu kumi bila kukwama. Ndani ya mlolongo huo kuna watu: Warsame, ambaye kuzaliwa kwake kulikuwa habari njema, Geedi, aliyezaliwa safarini kama Godana wetu. Wamo pia watu wa majina ya utani, naanays, kwa sababu Wasomali hawaoni haya kumwita mtu kwa alama ya mwili wake, na mara nyingi ni jina hilo la utani ambalo mji mzima humjulia mtu, hata polisi na mwalimu mkuu.

Kwa Waturkana, herufi ya mwanzo inakuambia kama ni mwanamume au mwanamke: Ekiru kaka, Akiru dada. Na mwanamume akikua hupata jina lingine kutokana na dume la ng'ombe alipendalo. Apaloreng ni mwenye dume jekundu. Atamwimbia dume huyo, atajiita kwa jina lake mbele ya watu, na dume akifa jina linabaki. Ukitaka kujua Mturkana mzee alipenda nini ujanani, muulize jina hilo, kisha ukae vizuri kwa maana hadithi itakuwa ndefu. Wasamburu wa Oldonyiro hutanguliza Le- kwenye jina la nyumba, Lesuuda au Lenolkulal, ili anayesikia ajue mara moja mtu ametoka mlango gani. Wameru wanao Mugambi msemaji na mwamuzi, Murithi mchungaji, Kirimi mkulima, Makena mwenye furaha. Katika familia nyingi za Kimeru mjukuu hupewa jina la babu, na hapo ndipo utamsikia mama mzima akimwita mwanawe mchanga "baba", kwa heshima kamili, kwa sababu machoni pake baba yake amerudi nyumbani.

Huo ndio upande wa kiroho wa jambo hili, na hauhitaji maneno makubwa. Mtu hajipi jina. Hulipokea akiwa hana hata meno, kutoka kwa watu waliomwombea kabla hajajua kuomba. Kila anapoitwa, ombi lile linasemwa tena, na anayeitika analipokea tena. Nasikitika kuona kijana wa miaka 20 amebeba dua ya nyanya yake kwenye kitambulisho, mfukoni mwa suruali, na hakuna aliyewahi kumwambia inasema nini.

Majina yetu ni kalenda pia. Utaratibu wa Gada, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2016 upande wa Ethiopia, hugawa wakati kwa vipindi vya miaka minane, na kila kipindi huitwa kwa jina la Abba Gada aliyekishika. Mzee wa Kiborana ukimuuliza ukame fulani ulikuwa lini hatakutajia mwaka. Atasema: ilikuwa Gada ya Jaldesa Liban, na mwenzake atajua ni kati ya 1960 na 1968. Miaka 40 baadaye, kuanzia mwaka 2000 hadi 2008, aliyeshika Gada alikuwa Liban Jaldesa, mwanawe. Tazama majina hayo mawili yanavyopokezana, Jaldesa mwana wa Liban, kisha Liban mwana wa Jaldesa. Waborana wa Waso walitengwa na makao ya Gada zamani, tangu serikali ya kikoloni ilipowahamishia ukingo wa Ewaso Nyiro miaka ya 1930, na mpaka kati yao na makao hayo ukakazwa. Lakini majina walikuja nayo, na kwa majina hayo bado wanaweza kuhesabu.

Nimesikia, na ninyi mmesikia, watu wakisema kwamba jina la nyumbani ni la ujahili, kwamba aliyeshika dini aliache. Wengine huwaambia wazazi hivyo siku ya akika, wengine mlangoni mwa kanisa. Kwa heshima yote kwa wanaosema hivyo, historia ya Isiolo yenyewe inawajibu. Tarehe 28 Juni 1963, karibu na Modogashe, waliuawa kwa risasi watu wawili waliokuwa wakizunguka kuwasihi wananchi wabaki Kenya kwa amani. Mmoja alikuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho: Daudi Dabasso Wabera. Mwingine alikuwa chifu: Haji Galma Dido. Someni majina hayo polepole. Daudi, jina la nabii wa vitabu vyote, limekaa na Dabasso na Wabera. Haji, heshima ya aliyefika Makka, imekaa na Galma na Dido. Nani atasema Haji Galma hakuwa Mwislamu kamili? Leo tuna wadi ya Wabera na shule ya Wabera hapa kwetu, na Nairobi kuna barabara ya Wabera katikati ya jiji, na wengi wanaopita hapo hawajui kwamba wanalitaja jina la mtu wetu.

Dini zenyewe zina upana kuliko tunavyodhani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alihimiza majina mazuri na akabadilisha yale yenye maana mbaya. Wengi wa masahaba zake waliingia Uislamu na majina waliyopewa na wazazi wao kabla ya Uislamu, wakafa nayo. Jina lenye maana njema halina kosa, na sioni maana njema kuliko mvua. Kwa Wakatoliki, sheria ya kanisa ya mwaka 1917 ilidai jina la mtakatifu wakati wa ubatizo, lakini ile ya 1983, katika kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa roho ya Kikristo. Nkatha anaweza kubatizwa Nkatha. Masheikh wetu, maustadhi wa duksi (shule za Kurani), mapadri na wachungaji, nawaomba mlisemee jambo hili waziwazi. Mzazi akileta jina la nyumbani muulizeni maana yake, na ikiwa ni njema, litamkeni kwa furaha mbele ya waumini pamoja na lile la dini.

Wala simwombi mtu yeyote alitupe jina la dini. Mwaka 1972 Mobutu aliwalazimisha Wazaire wote kuacha majina ya Kikristo kwa amri ya serikali, naye mwenyewe akajiita Mobutu Sese Seko. Jina linalotolewa kwa amri ya polisi ni dhuluma kama lile linaloondolewa kwa amri ya polisi. Fatuma abaki Fatuma. Yosefu abaki Yosefu. Ninachoomba ni nafasi ya pili kwenye karatasi, na hadithi yake mdomoni.

Sasa niseme lile linaloniuma zaidi. Kwetu Isiolo jina limefanywa kipimo. Kwenye kizuizi cha barabarani, kwenye orodha ya walioitwa kazini, kwenye orodha ya wagombea wakati wa kura, mtu husomwa jina kabla hajatazamwa uso. Tunalisoma kutafuta jambo moja tu: ni wa kwetu au ni wa kwao. Katika mapigano ya mwaka 2011 na 2012 pembezoni mwa mji, watu walihama nyumba zao kwa sababu ya vile walivyoitwa. Wapo vijana wanaoficha jina la pili au la tatu wanapoomba kazi, na wapo waliolifuta kabisa.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali waliamriwa kupita mbele ya majopo ya upekuzi, wakiulizwa ukoo na uzao wao ndipo wakubaliwe kuwa raia. Abtirsi ambayo mzee alimfundisha mjukuu wake kwa mapenzi, jioni, akimsahihisha polepole, iligeuzwa mtihani wa uraia. Kwa miaka mingi baadaye vijana wa kaskazini waliendelea kupita mbele ya kamati za upekuzi kabla ya kupata kitambulisho, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakuulizwa. Mwezi wa Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitangaza kwamba upekuzi huo umekwisha. Ni jambo la kushukuru, na ni letu sote kuhakikisha kwamba tangazo la Wajir linafuatwa kwenye kila dirisha la ofisi hapa Isiolo.

Lakini kipimo cha jirani hakuna tangazo la rais litakalokiondoa. Hilo ni la mimi na wewe. Mtu ambaye unajua kwamba babu yake alizaliwa katika mvua iliyovunja ukame mkubwa, kwamba nyanya yake alimwita hivyo akilia kwa furaha, ni vigumu kumfanya "wao". Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya kijeshi ilianguka Marsabit ikiwa na viongozi waliokuwa wakienda kupatanisha jamii baada ya mauaji ya Turbi ya mwaka uliotangulia. Walifariki watu 14. Miongoni mwao walikuwa Bonaya Godana, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na wabunge Abdi Sasura, Guracha Galgallo, Titus Ngoyoni na Mirugi Kariuki, na Askofu William Waqo wa kanisa la Anglikana. Walikuwemo watu wa jamii zilizokuwa zikiuana, na wengine wa mbali. Bonaya, kiangazi. Godana, kuhama. Galgallo, jioni. Nani kati yetu hana kiangazi na jioni katika ukoo wake?

Kwenye karatasi ndiko tunakopotezea mengi. Fomu za Kenya zilitungwa na watu waliodhani kila familia ina jina moja la mwisho ambalo baba, mama na watoto wote wanalo. Kwetu haiko hivyo. Mtoto wa Kiborana au wa Kisomali huchukua jina lake, la baba na la babu. Mama yake habadilishi lake akiolewa. Anabaki binti wa baba yake mpaka kaburini. Kwa hiyo katika nyumba moja karani anaona mume, mke na watoto wenye majina ya mwisho matatu tofauti, na anaanza kushuku. Au anafupisha. Au anaandika alivyosikia: Dabasso anakuwa Dabaso, Gollicha anakuwa Golicha, kaka anaandikwa hivi na dada vile, na miaka 15 baadaye cheti cha mtihani hakilingani na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho hakilingani na chochote, na mzazi anauza mbuzi alipie hati ya kiapo mbele ya wakili. Siku za kuzaliwa nazo zimepotea vivyo hivyo. Ndiyo maana wazee wengi wa kaskazini, na hata vijana, wameandikwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Mtu aliyeitwa Halkano kwa sababu ya usiku fulani wa ganna, karatasi yake inasema Januari.

Makarani wetu, manaibu wa chifu, wauguzi mnaojaza fomu za vizazi, ninyi mko mahali penye baraka. Kwa wengi wetu mkono wenu ndio wa kwanza duniani kuliandika jina. Muulizeni mzazi: mnaliandikaje? Likiisha kuandikwa, lisomeni kwa sauti, mumwonyeshe hata kama hajui kusoma, kwa sababu pengine kaka yake mtoto aliyekuja naye anajua. Nafasi ya jina la tatu msiijaze kwa kukisia. Na mama anayekuja peke yake asirudishwe kwa aibu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi, ilitupilia mbali kifungu cha sheria kilichozuia jina la baba kuandikwa kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa mpaka baba mwenyewe akubali. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Haki hiyo imetajwa ya kwanza kabisa katika kifungu hicho, kabla ya elimu, kabla ya chakula na matibabu.

Walimu, nanyi mnaita majina kila asubuhi. Mtoto anayetamkiwa jina vibaya kila siku mbele ya wenzake huanza kulionea haya, na mwishowe humwambia mwalimu: niite tu Brian. Chukueni dakika chache mwanzoni mwa muhula, mwulize kila mtoto jina lake linatamkwaje nyumbani. Kisha wapeni kazi ya likizo: kila mtoto arudi na hadithi ya jina lake aliyoipata kwa mzee. Darasa moja la Isiolo lina makabila matano au sita. Wiki ya kwanza ya muhula mkizisoma hadithi hizo kwa sauti, mtakuwa mmefundisha historia, jiografia na dini, na watoto watatoka wanajuana kwa namna ambayo baba zao hawajuani.

Ipo kasoro moja ya desturi zetu ambayo lazima niiseme. Mlolongo tunaouhifadhi ni wa wanaume. Kijana anataja mababu kumi, lakini muulize jina la mama wa babu yake, ananyamaza. Wanawake hao ndio waliozaa njiani, ndio waliobaki na watoto katika kambi za Garba Tulla, Merti na Modogashe wakati wa vita vya shifta, miaka ambayo wazee wa Waso huiita gaafa daaba, wakati wa kuzuiwa, mifugo ikafa ndani ya maboma. Mara nyingi wao ndio waliochagua jina, hata kama baba ndiye aliyelitangaza. Tukiandika, tuandike na wao. Diramu binti nani, aliyezaliwa wapi, aliyemlea nani. Kwa akina akko walio hai bado tunaweza kuuliza. Kila msimu tunazika baadhi yao, na abtirsi yao hakuna aliyeikariri.

Tuulize kwa adabu, lakini. Kwa Wasamburu jina la marehemu halitajwi ovyo, na huko Oldonyiro mzee akikuambia "yule hatumtaji", usimshurutishe. Andika tu kwamba yupo mtu hapo ambaye nyumba yake inamheshimu kwa kimya. Katika maboma mengi ya huku mke hamwiti baba mkwe kwa jina, kwa hiyo usimweke mama yako katika hali ya kulazimika kulitamka. Muulize shemeji au mtoto wa kiume. Mzee akitaka kwanza buna au chai, mpe. Akitaka kuanza na hadithi ya ngamia aliyepotea, msikilize mpaka mwisho, kwa sababu mara nyingi jina limo ndani ya hadithi hiyo. Simu zenu, vijana, zinarekodi vizuri sana. Rekodini sauti yake akilitamka jina, kwa sababu herufi za Kiswahili na za Kiingereza hazitoshi kushika kila sauti ya Kiborana au ya Kiturkana, na mjukuu wako atataka kusikia lilivyosemwa.

Ukiandika, weka angalau haya: jina lote kama linavyoitwa nyumbani, nani alilitoa, lilikuwa jina la nani kabla, mtoto alizaliwa mahali gani na katika hali gani, mvua au kiangazi, safarini au mjini, na jina la mama na la nyanya pande zote mbili. Karatasi moja ikae na kile cheti cha kuzaliwa, nyingine kwa ndugu anayeishi mbali. Kama watu wa mtaa wenu ni wengi wa kutosha, kaeni jioni moja msikitini, kanisani au chini ya mti, Mborana, Msomali, Mmeru, Msamburu na Mturkana, kila nyumba ilete jina moja ilieleze. Hamhitaji bajeti ya kaunti kwa hilo.

Na wewe mama ambaye umejifungua mwezi huu, hasa uliyejifungulia nyumbani, nenda kwa naibu wa chifu kabla mtoto hajatimiza miezi sita, kwa sababu ukipitisha muda huo usajili unakuwa wa kuchelewa na safari zinaongezeka. Atahitaji cheti hicho akiandikishwa shuleni. Nenda na mtu aliyekuwepo mtoto alipozaliwa. Mwambie naibu wa chifu tarehe yenyewe, si Januari. Mpe jina la dini na jina la nyumbani, yote mawili, na akiinua kalamu mtajie herufi moja moja, kisha umwombe akusomee alichoandika.